Siku moja ya mafunzo ya uigaji kwa dharura za mkojo: vituo vingapi, na modeli gani zitahimili?

mratibu_mafunzo

Habari za kazi, wakuu.

Naandaa siku moja ya mafunzo ya uigaji kuhusu dharura za mfumo wa mkojo. Washiriki ni madaktari tarajali 16, wakufunzi ni 4. Nadharia wanayo tayari. Kinachotafutwa ni mkono na uamuzi. Rasimu ya kwanza ina vituo 8 vya dakika 20 kila kimoja: katheta (bomba laini la kutolea mkojo) ya kawaida kwa mwanaume, kibofu kilichozibwa na mabonge ya damu, katheta ya juu ya kinena (inayotobolewa tumboni hadi kibofuni), govi lililokwama nyuma ya kichwa cha uume, korodani iliyosokoteka, priapizimu (uume unaosimama kwa saa nyingi bila kulegea), figo iliyoziba yenye maambukizi, na jeraha la mrija wa mkojo.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Kwanza, je, vituo 8 ni vingi mno? Pili, modeli ya katheta ya juu ya kinena: mfuko wa maji wa lita 3 chini ya sponji huvuja baada ya kutobolewa mara nne au tano, unalegea, na wanaofuata wanatoboa kitu kisichofanana na kibofu kilichojaa. Kuna namna ya kuuzuia? Tatu, korodani na priapizimu zinastahili modeli, au kisa cha kujadili kinatosha? Nne, tathmini: orodha ya ukaguzi yenye vipengele 20 inampitisha karibu kila mtu, hata aliyefanya kosa ambalo lingemuumiza mgonjwa.

---

daktari_wa_kibofu

Punguza vituo. Piga hesabu: vituo 8 kwa wakufunzi 4 maana yake nusu ya vituo havina mwangalizi, na mtu anayerudia kosa bila kusahihishwa anaondoka akiwa amelizoea. Tena, ndani ya dakika 20 watu wawili wanapata dakika 10 kila mmoja. Kuandaa uwanja safi, kuweka jeli na kuisubiri ifanye kazi kunamaliza muda wote huo. Kila mtu atajaribu mara moja tu, na faida ya uigaji iko kwenye jaribio la pili na la tatu.

Ningeweka vituo 4 asubuhi, dakika 45 kila kimoja, watu 4 kwa kituo, modeli mbili kila kituo: katheta pamoja na jeraha la mrija, mabonge ya damu, katheta ya juu ya kinena, halafu korodani na priapizimu kwa pamoja. Govi lililokwama halihitaji kituo chake. Litajitokeza lenyewe, nitaeleza. Figo iliyoziba ipeleke mchana kama kisa cha timu, kwa sababu pale tatizo si mkono, ni simu na saa.

Sasa kituo cha katheta. Ubaya wa manikini nyingi ni kwamba mrija wake umenyooka, ni mpana, na maji hutoka mara tu ncha inapoingia. Modeli ya namna hiyo inamsamehe mtu kila kosa. Irekebishe mambo mawili.

La kwanza, tengeneza tezi dume kubwa. Weka kabari ya mpira mgumu chini ya mrija, karibu na mlango wa kibofu, ili njia ipinde kuelekea juu. Katheta ya ncha iliyonyooka ya saizi 14 itagonga na kusimama. Ile yenye ncha iliyopinda, ikielekezwa saa 12 muda wote, itapanda na kupita. Hapo mwanafunzi anajifunza kwamba dawa ya kizuizi cha tezi si kusukuma kwa nguvu, wala si kukimbilia katheta nyembamba zaidi, kwani nyembamba ni laini na hujikunja. Saizi 16 mara nyingi hupita vizuri kuliko 12.

La pili, weka kibano kwenye bomba linaloleta maji kibofuni, na wewe mkufunzi ndiwe unayelifungua. Katika jaribio mojawapo liache limefungwa. Katheta imeingia hadi kwenye panda, mkojo hautoki. Afanye nini? Asijaze puto (kile kipira kinachoishikilia katheta kibofuni). Abonyeze juu ya kinena, kisha asukume maji ya chumvi mililita 20 hadi 30 kwa bomba kubwa la sindano na kuyavuta, maana jeli huweza kuziba matundu ya ncha. Yakiingia lakini hayarudi, au mgonjwa analalamika, ncha haiko kibofuni: aitoe. Mkufunzi mmoja awe sauti ya mgonjwa. Puto likianza kujazwa ndani ya mrija, apige kelele palepale. Kelele hiyo hukumbukwa kuliko mhadhara wowote.

Vitu vidogo ambavyo lazima viwepo:

Jeli ya lidokeini asilimia 2, mililita 10 hivi, iingizwe polepole na kusubiriwa dakika 3 hadi 5. Wanaoruka hatua hii kwenye manikini wataruka na kwa mgonjwa, kwa hiyo tumia saa, usiseme "tuseme dakika zimepita".

Puto lijazwe maji yaliyotakaswa, kwa kawaida mililita 10, na mwanafunzi asome kipimo kilichoandikwa kwenye katheta yenyewe. Maji ya chumvi hayafai. Chumvi inaweza kuganda ndani ya njia nyembamba ya puto, na siku ya kuitoa puto likakataa kushuka.

Kwenye toroli changanya katheta ndefu za kiume, takriban sentimita 40, na zile fupi za kike. Hazisemi chochote zikiwa ndani ya pakiti. Ile fupi ikitumika kwa mwanaume, puto linajazwa ndani ya mrija na damu inatoka papo hapo.

Manikini isiyo na govi ivalishe kidole cha glavu kilichokatwa ncha. Baada ya kazi yote, angalia nani anakirudisha mbele. Hapo ndipo govi lililokwama linapofundishwa: kubana uvimbe kwa mkono dakika kadhaa mfululizo bila kuachia, kisha vidole gumba vinasukuma kichwa nyuma huku vingine vinavuta govi mbele.

Na kwa jaribio la tatu, paka rangi nyekundu kwenye tundu la uume na weka kadi ya mgonjwa aliyevunjika nyonga. Jibu sahihi ni kutoingiza kitu: aite msaada, aombe picha ya mrija kwa dawa ya kuonyesha njia. Usimwonye mtu mapema. Kama ameshazoea kwamba kila manikini iliyo mbele yake lazima iwekwe katheta, ni afadhali agundue hilo hapa.

Kuhusu mabonge ya damu: pika jelatini nzito, mara mbili ya kipimo cha kawaida, weka rangi nyekundu, igande, ikatekate vipande vya ukubwa wa ukucha. Vimimine kwenye chombo angavu chenye maji baridi. Baridi ni muhimu, maana jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili. Katheta ya kawaida ya saizi 16 itaziba mara moja. Wachukue ya njia tatu, saizi 22 au 24, na bomba la mililita 50 au 60. Wasukume 50, wavute 50, na mtu mmoja aandike kilichoingia na kilichotoka. Kosa kubwa ni kufungulia maji ya mfululizo kabla mabonge hayajaisha: maji yanaingia, hayatoki, kibofu kinavimba na kinaweza kupasuka. Kwa kuwa chombo ni angavu, kundi zima litaona.

---

fundi_modeli

Nijibu la kuvuja. Plastiki ya mfuko haijifungi baada ya kutobolewa. Kila tundu linapunguza ujazo, na ujazo ukipungua mfuko unalegea. Kuna tiba tatu na zinafanya kazi pamoja.

Usitegemee maji yaliyomo tu. Unganisha mfuko, kwa mrija wake wa dripu, na mfuko wa pili ulioninginizwa nusu mita hivi juu yake. Matone yakivuja chini, ya juu yanajaza. Weka modeli ndani ya beseni na hutahangaika na sakafu.

Kabla ya kuujaza, mfuko ukiwa mkavu, gundisha juu yake kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, mahali patakapotobolewa. Mpira hujifunga nyuma ya sindano nyembamba. Faida yake ya pili ni kwamba unatoa ule ukinzani wa fasia (utando mgumu chini ya ngozi na mafuta), mkono unasikia kitu kigumu kisha kinaachia.

Halafu tenganisha mazoezi. Kutafuta mkojo kwa sindano kufanywe mara nyingi kwenye mfuko mmoja. Troka nzima (chuma chenye ncha kali pamoja na ganda linalopitisha katheta) itumike mara moja kwa kila mtu, kwenye mfuko wa watu wasiozidi wanne, kisha mfuko ubadilishwe. Hakuna kiraka kitakachoziba tundu la troka, na kulazimisha ni kupoteza muda.

Ili mfuko wa lita 3 uwe mviringo mgumu, ubane kwa mipira miwili ya kufungia mkono wakati wa kutoa damu. Mililita 10 za ayodini ndani ya maji hutoa rangi ya mkojo. Nusu ya bomba la plastiki iliyolazwa upande wa miguu ndiyo mfupa wa kinena, na lazima iwepo, vinginevyo mwanafunzi hana alama ya kupimia vidole viwili juu yake katikati ya tumbo.

Mafuta ya tumbo: sponji ya sentimita 3 inatosha kwa anayetumia vidole tu. Ukitaka watumie ultrasaundi, sponji haifai kabisa, kwa sababu hewa iliyomo huzuia mawimbi na skrini itakuwa nyeupe juu na giza chini. Badilisha kwa tabaka la jelatini: gramu 100 kwa lita moja ya maji ya moto, koroga polepole, acha mapovu yapande na uyaondoe kabla haijaganda. Ihifadhi kwenye jokofu na uitoe dakika chache kabla ya kuanza.

Nakubaliana kabisa na hoja ya modeli kutosamehe. Kwa hiyo weka utumbo. Chukua puto refu jembamba lenye maji ya kijani, ulilaze juu ya mfuko upande wa kitovu. Weka puto jingine lenye maji ya kahawia nyuma ya mfuko, ndiyo puru. Anayetoboa juu mno atatoa kijani. Anayesukuma kwa pupa akapita ukuta wa nyuma atatoa kahawia. Huhitaji kumwambia amekosea.

Kwa nini watu hupita ukuta wa nyuma? Karibu kila mara ni mkato mdogo wa ngozi na fasia. Troka inakwama, mtu anaongeza nguvu kwa bega, kisha ngozi inaachia ghafla na mkono unatumbukia. Mkato wa sentimita 1 unaopita fasia, na kidole cha shahada kikilazwa ubavuni mwa troka kama breki, vinaondoa hatari hiyo. Mpangilio mzima uwe huu: papasa, pima kwa ultrasaundi, ganzi ya lidokeini asilimia 1, sindano ileile ya ganzi iendelee kwenda chini huku inavuta hadi mkojo uonekane, kariri kina chake. Mkojo haukuja? Kazi inasimama hapo, hakuna troka. Ukija, mkato, troka kwa kina kilekile na kidogo zaidi, katheta ipite haraka kwenye ganda kabla kibofu hakijamwaga kila kitu, puto mililita 10, ganda litolewe.

Kifuniko kimoja cha ngozi kichorewe kovu la upasuaji chini ya kitovu. Mwingine apewe kadi ya mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye historia ya saratani ya kibofu. Mwenye kovu asitobolewe kwa vidole na macho tu, na kwa hao wengine hata ultrasaundi haiondoi hatari: kazi isimame, daktari wa mkojo aitwe.

---

upasuaji_dharura

Korodani: kisa ndicho kiini, modeli ni ya dakika 10. Mgonjwa awe kijana wa miaka 14 anayesema tumbo linauma na ametapika mara mbili. Asitaje korodani mpaka aulizwe au avuliwe nguo. Wavulana wengi husema tumbo kwa aibu, na kwa kuwa maumivu kweli hupanda tumboni, daktari naye anaridhika na tumbo. Atakayeishia hapo apewe kadi inayosema saa 3 zimepita.

Wafundishe alama za TWIST (za kukadiria hatari ya korodani kusokoteka) kwa kuzitumia, si kwa kukariri: uvimbe wa korodani 2, ugumu 2, kukosekana kwa mvutano wa korodani paja likikwaruzwa 1, kichefuchefu au kutapika 1, korodani iliyopanda juu 1. Jumla 5 hadi 7 ni hatari kubwa. Kisha weka mtego: chumba cha ultrasaundi kinajibu kwa simu "njooni baada ya saa mbili". Nafasi ya kuokoa korodani ni nzuri sana ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, baadaye inashuka haraka. Mwenye dalili zilizo wazi haendi kusubiri picha. Anayestahili kupigiwa simu ni daktari wa upasuaji. Na fomu ya ridhaa itaje pande zote mbili kushonewa pamoja na uwezekano wa kuondoa korodani iliyokufa. Wengi husahau upande usioumwa.

Kwa mkono, ning'iniza mpira mdogo kwa kamba mbili ndani ya soksi, uuzungushe. Wazoee kufungua kuelekea nje kama mtu anayefungua kitabu. Lakini waelewe kwamba takriban theluthi moja husokoteka upande wa pili: maumivu yakizidi, geuza mwelekeo. Hata ikifunguka na maumivu yakaisha, chumba cha upasuaji bado kinahitajika siku hiyohiyo.

Priapizimu usiiondoe. Daktari tarajali huenda asitoboe peke yake, ila yeye ndiye atakayechanganya dawa, na hapo ndipo pa kuua mtu. Fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ya damu, mara nyingi huja kwenye kichupa cha miligramu 10 kwa mililita 1. Mililita hiyo moja iingie kwenye maji ya chumvi mililita 100, utapata takriban mikrogramu 100 kwa kila mililita. Dozi ni mikrogramu 100 hadi 500, kila dakika 3 hadi 5, presha na mapigo ya moyo yakiangaliwa muda wote, ndani ya saa moja. Acha vichupa vya mazoezi mezani, mpe kila mmoja karatasi na bomba, aandike lebo mwenyewe. Anayechota kichupa moja kwa moja bila kuchanganya ametoa miligramu 10 nzima. Soma jibu la presha kwa sauti: 240 kwa 130, kichwa kinauma.

Modeli yenyewe ni soseji nene mbili au maputo marefu mawili yaliyojaa maji mekundu, yamefungwa pamoja kwa bandeji ya kunata. Sindano iingie ubavuni, saa 3 au saa 9. Saa 12 kuna mishipa na neva, saa 6 kuna mrija wa mkojo. Kadi ya kipimo cha gesi za damu iliyotolewa humo: pH chini ya 7.25, oksijeni chini ya 30, kaboni dioksidi juu ya 60, hiyo ni ile aina inayonyima uume damu na haiwezi kusubiri. Ukimpa mgonjwa ugonjwa wa selimundu, tazama kama kundi litabaki kwenye maji, oksijeni na dawa za maumivu bila kugusa uume wenyewe. Tiba hiyo na ile ya uume huenda pamoja.

---

mkufunzi_mwandamizi

Kwenye tathmini, tatizo ni kujumlisha. Mtu anapata alama 18 kati ya 20, na mbili alizokosa ni kujaza puto kabla ya mkojo na kusahau govi. Kunawa mikono na kujitambulisha kumemfichia madhara. Weka orodha, lakini juu yake andika makosa yasiyosamehewa, matatu au manne tu kwa kituo. Kwa katheta: kujaza puto bila mkojo, kusukuma penye ukinzani, kuingiza kwenye tundu lenye damu baada ya ajali, kuacha govi nyuma. Kosa moja, anarudia zoezi zima siku hiyohiyo mpaka alifanye bila kosa. Hapewi alama ya chini na kuruhusiwa kwenda.

Kisa cha mchana, figo iliyoziba. Mama wa miaka 46, maumivu ya ubavu wa kushoto, presha 86 kwa 50, mapigo 128, joto 35.9, laktati (hupanda damuni mwili ukikosa damu ya kutosha) 4.4. Joto liwe la chini makusudi, kwa sababu wengi husubiri homa ndipo waseme maambukizi. Kipimo cha mkojo kwa kijiti kije safi. Hapo makundi hubabaika. Mkojo uliokojolewa umetoka figo ya kulia, isiyoziba. Ule wenye usaha umefungiwa nyuma ya jiwe, haujafika kibofuni. Picha inaonyesha jiwe kwenye ureta (njia ya mkojo kutoka figo hadi kibofu) na figo iliyopanuka.

Matarajio: damu ya kuotesha vijidudu, antibiotiki ndani ya saa ya kwanza, maji ya mishipa mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3 za kwanza, na simu ya kutoa usaha, kwa nefrostomi (bomba linaloingia figoni kupitia mgongoni) au stenti (bomba dogo ndani ya ureta). Zote mbili zinakubalika. Nefrostomi hufanyika kwa ganzi ya mahali, jambo la maana kwa mgonjwa asiye imara. Simu ndiyo mtihani. Mkufunzi akiwa chumba cha pili aulize, "Haiwezi kusubiri asubuhi?" Sentensi ya kwanza ya mwanafunzi iwe na tatizo na ombi: figo imeziba na ina maambukizi, presha imeshuka, anahitaji kutolewa usaha sasa. Akianza na historia ya miaka mitatu, mkufunzi amkatize.

Kisa kiende dakika 12 hadi 15, mazungumzo baada yake yachukue angalau mara mbili ya hapo. Usianze kwa "mlikosea nini". Anza na ulichokiona: "Presha ilishuka dakika ya 4, simu ikapigwa dakika ya 11. Mlikuwa mnafikiria nini katikati?" Jibu litakuonyesha kama walikosa maarifa, waliogopa kuamsha mkubwa, au kila mmoja alidhani mwenzake amepiga. Kila sababu ina tiba yake.

Muda ukibaki, ongeza kisa kifupi cha baada ya katheta: umetoka mkojo mililita 1,800, kisha zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo. Wanaobana katheta kwa hofu ya kutoa haraka waambiwe waache ifunguke. Wanaorudisha kila mililita kwa dripu nao wasimamishwe, kwa sababu maji hayo yenyewe yataendeleza mkojo. Irudishwe nusu ya kilichotoka, na elektroliti (chumvi za damu) zipimwe.

---

mratibu_mafunzo

Shukrani kubwa. Nimebadilisha: vituo 4 asubuhi, visa mchana. Swali dogo la mwisho: anayetoa alama awe ndiye anayeongoza mazungumzo? Na wakirudia baada ya muda gani?

---

mkufunzi_mwandamizi

Kituoni mtu mmoja anatosha, kwa kuwa lengo ni kurekebisha. Kwenye visa vya timu tenganisha: mmoja aendeshe, mwingine aandike muda na matendo. Anayeendesha manikini hawezi kuona kila kitu. Marudio yawe ndani ya miezi 3, dakika 30 tu kwa katheta na kuchanganya dawa. Mkono usiotumika hupoa mapema.

---

fundi_modeli

Nyongeza moja. Kila mfuko, kichupa na sindano ya mazoezi iandikwe MAFUNZO TU kwa rangi isiyofutika, na mwisho wa siku ihesabiwe mpaka idadi itimie. Mwaka 2014 nchini Marekani, wagonjwa waliwekewa kwa makosa maji ya mishipa yaliyotengenezwa kwa mazoezi, ambayo hayakuwa yametakaswa, na baadhi yao waliugua. Mifuko yako ya lita 3 yenye ayodini na vichupa vya fenilefrini ya mazoezi visirudi kwenye kabati moja na vya wodini, hata kwa usiku mmoja.